Mwenye fedha asiwe mwenye orodha: jibu kwa mwenyekiti wa Caritas anayehudumia kisiwani

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama wa makamo, nimechaguliwa mwaka huu kuwa mwenyekiti wa kamati ya Caritas, yaani huduma ya Kanisa Katoliki kwa wenye shida, ya parokia yetu huku pwani ya Lindi. Parokia ina kigango, yaani kanisa dogo lililo chini yake, kisiwani. Familia za Kikatoliki huko ni chache, nyingi za watumishi wa serikali na wavuvi wa kuja. Wenyeji karibu wote ni Waislamu. Baada ya mvua na upepo mkali tulipeleka unga, maharage, nguo na mablanketi. Tukaambiwa orodha imejaa ndugu na marafiki wa katekista, na wengine wakakataa kupokea wakisema tumekuja kuwabatiza. Sasa halmashauri ya walei, waamini wasio mapadre wala watawa, inanitaka niunde uongozi wa kudumu wa huduma ya kisiwani. Je, kiongozi awe katekista? Mwislamu anaweza kuingia kamati ya Caritas? Tufanye nini ili misaada isizae ugomvi tena?

JIBU

Milele amina, Mama Mwenyekiti. Hongera kwa kuchaguliwa, na pole kwa maneno mliyoyapata. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa huduma za jamii za Kanisa huku Kusini, Mtwara na Lindi, na swali lako ningependa kila kamati ilijadili kabla haijanunua hata kilo moja ya unga.

Nianze na majibu mafupi ili ujue ninakoelekea. Katekista asiwe kiongozi wa mgao. Waislamu waingie, tena wawe wengi, ila kwenye chombo tofauti na kamati yako ya parokia. Na la tatu, ambalo ndilo linalobeba yote: anayeshika fedha asishike orodha, na anayeshika orodha asishike fedha. Ukilisimamia hilo, sehemu kubwa ya ugomvi ulioueleza haitapata pa kuanzia.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 6. Wengi tunaisoma kama habari za mashemasi wa kwanza, tunaipita. Isome tena ukikifikiria kisiwa chako. Kanisa la Yerusalemu linagawa chakula kila siku. Wanaosema Kigiriki wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa. Hawasemi chakula hakitoshi, wanasema mgao unawapita, na ndicho mlichoambiwa ninyi. Mitume wangeweza kujitetea, au kumtuma mmoja wao akasimamie. Wao waliwaambia watu wachague wenyewe, na wakachaguliwa saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Wafafanuzi wengi wa Maandiko wanaona hapo kwamba mgao ulikabidhiwa kwa watu wa upande ule ule uliolalamika. Mimi sijaona mwongozo wa uongozi wa huduma unaoizidi aya hiyo.

Na kuhusu fedha, nenda 2 Wakorintho sura ya 8. Paulo anapeleka mchango wa makanisa kwa maskini wa Yerusalemu. Habebi peke yake. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu anaitaja wazi: mtu asije akawalaumu kwa habari ya mchango huo mkubwa. Paulo, pamoja na utakatifu wake, hakusema "niaminini". Aliweka mashahidi.

Kwa hiyo unda vyombo viwili. Cha kwanza unacho tayari, kamati ya Caritas ya parokia. Hicho ni chombo cha Kanisa, wajumbe wake ni waamini, kiko chini ya paroko na kwa njia yake chini ya Caritas ya jimbo na askofu. Papa Benedikto wa XVI, katika barua yake ya Novemba 2012 juu ya huduma ya mapendo, aliwataka maaskofu wahimize kila parokia iwe na Caritas au chombo kinachofanana nayo, na akaagiza vyombo vilivyo chini ya askofu vimpelekee taarifa ya fedha kila mwaka. Hapo ndipo fedha zinapokaa: michango, benki, risiti, ununuzi, usafiri. Hilo usiligawe na mtu yeyote wa kisiwani, hata awe mwaminifu kiasi gani, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa na jimbo.

Cha pili ni kamati ya huduma ya kisiwa. Hicho kiwe cha watu wa kisiwa, wachaguliwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na wanaowajibika kwake ni wanakijiji wenzao. Kazi yake ni kuweka vigezo, kuandika orodha, kushuhudia mgao na kupokea malalamiko. Mkristo mmoja au wawili wawemo kwa sababu nao ni wanakijiji, lakini wasipewe viti kwa ajili ya dini yao. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wakupe nafasi kwenye ajenda. Msiitishe mkutano wenu wa pembeni, kwa maana mkutano ulioitwa na parokia utaonekana wa parokia tu.

Sasa katekista. Simlaumu, na wala usimwache aumie. Fikiria nafasi yake. Yeye ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili padre asipofika, ndiye anayefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, ndiye sura ya Kanisa pale kisiwani. Siku ile ile sura hiyo ikishika kiroba cha unga na kuamua nani apewe, hata malaika angeshindwa kuwaaminisha watu kwamba unga na ubatizo havina uhusiano. Tena ndugu zake na waamini wake ndio anaowafahamu vizuri shida zao, kwa hiyo hata akiandika kwa moyo safi ataandika anaowajua. Mweke huru na mzigo huo. Kazi inayomfaa kwenye huduma hii ni kukuletea habari mapema: nani amelazwa, chombo gani hakijarudi, nani amefiwa. Halafu majina hayo yapite kwa kamati kama majina ya mtu mwingine yeyote.

Nani basi awe kiongozi wa kamati ya kisiwa? Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana nimeona kamati nyingi zikifa kwa uchaguzi wa siku ya kwanza. Mwenye duka kubwa au mwenye vyombo vya uvuvi asishike orodha. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini nusu ya wavuvi wanadaiwa naye, na samaki wao wanamuuzia yeye. Mtu anayekudai huwezi kumwambia hadharani kwamba umeonewa. Mwalimu wa shule au muuguzi wa zahanati ni msaada mkubwa kwa kuandika na kuhesabu, afaa kuwa katibu, ila atahamishwa. Uenyekiti mimi ningeupeleka kwa mwanamke mwenyeji mwenye umri, na kama kuna kungwi anayeheshimika mtazameni kwanza. Huyo amewalea mabinti wa kisiwa kizima, ameingia kila chumba, anajua nyumba ambayo moshi hautoki jioni. Mzee wa msikiti naye awemo, na wavuvi vijana wasiachwe nje, kwani wao ndio watakaobeba mizigo kutoka chomboni na ndio wa kwanza kusema mtaani kama kuna kitu hakiko sawa.

Nikae kidogo kwenye orodha, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoharibikia. Siku ya kwanza kamati isitaje jina hata moja. Mkitaja jina kwanza, vigezo vitashonwa vimfae mwenye jina. Anzeni na vigezo, vijadiliwe mbele ya watu mpaka vikubalike: nyumba iliyoezuliwa paa, aliyepoteza chombo au nyavu, mjane anayelea watoto au wajukuu, mzee asiye na wa kumtegemea, mgonjwa wa muda mrefu, mwenye ulemavu. Kisha viandikwe kwenye kaunta buku, mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri. Baada ya hapo kila kitongoji kilete majina yake, na kamati iende nyumba kwa nyumba kuyahakiki.

Kwenye kuhakiki, hesabuni majiko. Msihesabu majina ya waume. Hili ni kosa ambalo timu kutoka bara hulirudia kila mara. Orodha inaandikwa kwa jina la baba mwenye nyumba, kumbe ana wake wawili, kila mmoja na jiko lake na watoto wake. Kiroba kimoja kinakwenda kwenye jina la mume, kinaishia nyumba moja, na mke wa pili anaonekana mlalamishi. Anayepika na wanaokula chungu kimoja ndio kaya yenu, na jina la kwanza kwenye mstari liwe la huyo anayepika.

Kuna pia watu wa dago, wavuvi waliohamia kwa msimu na kujenga vibanda ufukweni. Dhoruba haiwaachi kwa sababu ni wageni, mara nyingi wao ndio wanaoezuliwa kwanza. Waandikeni, lakini kwenye ukurasa wao na kwa fungu lililotengwa tangu mwanzo, ili mwenyeji asihisi kwamba mgeni amekula sehemu yake. Mkichanganya orodha hizo mbili mtapata vita ambayo haikuwepo.

Orodha ikikamilika, isomwe hadharani, na watu wapewe siku kadhaa za kupinga kabla mzigo haujafika. Nasisitiza kabla. Pingamizi likitolewa karatasini linamalizwa kwa maneno, likitolewa viroba vikiwa vimepangwa mchangani linaweza kumalizwa kwa ngumi.

Utaniuliza, na heshima ya mtu je? Sisi watu wa pwani tunajua thamani ya kusitiriana. Kuna anayekubali kulala njaa kuliko jina lake kutajwa mkutanoni. Naona ni lazima kutofautisha. Janga lililompata kila mtu, upepo au mafuriko, halina aibu ndani yake, na orodha yake isomwe kwa sauti. Shida ya mtu mmoja, binti aliyeachwa na mimba, mzee ambaye mwanawe amemtelekeza, mama mwenye ugonjwa asiotaka ujulikane, hiyo isipite mkutanoni kabisa. Iwe na fungu dogo linaloamuliwa na watu wawili wa kamati, mwanamke akiwa mmojawapo, na kwenye hesabu iandikwe kiasi tu bila jina. Injili ya Mathayo inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Wenzetu nao wana aya ya 271 ya sura ya al-Baqara katika Kurani, kwamba kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Kamati yenye watu wa dini zote mbili ikikaa juu ya maandiko hayo mawili, itaelewana kuliko mnavyodhani.

Kwa sababu hiyo hiyo, acheni kupiga picha za watu wakipokea. Najua wafadhili wanapenda. Pigeni picha ya mizigo ikishushwa, ya daftari, ya paa lililorudishwa. Uso wa mama anayepokea unga mwacheni nao. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hata orodha zenyewe, zikiwa na majina, simu na magonjwa ya watu, hazifai kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya parokia.

Juu ya hofu ya kubatizwa. Msiishangae wala msiikasirikie. Historia ya Kusini inaieleza. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Nyangao na ya Lukuledi zilichomwa, kwa kuwa machoni pa wapiganaji mmisionari na mkoloni Mjerumani walikuja na meli moja. Leo hapo hapo Nyangao kuna hospitali ya Kanisa, na Ndanda, walikoanza watawa Wabenediktini mwaka 1906, kuna hospitali nyingine. Wagonjwa wa imani zote wanalazwa humo vitanda vikiwa vimeungana. Nenda wodi yoyote ukaone baibui na rozari zimeketi benchi moja zikimsubiri daktari. Kuaminiana huko kulijengwa kwa miaka mingi ya kutibu bila kuuliza dini, na ninyi mnaweza kuitaja kisiwani kwa kujiamini, kwa sababu wengi wao wamewahi kupeleka mgonjwa huko.

Fundisho la Kanisa kwenye hili halina utata. Katika waraka wake Deus Caritas Est wa mwaka 2005, namba 31, Papa Benedikto anasema upendo ni wa bure, hautumiwi kama njia ya kupata kitu kingine, na kwamba anayehudumu kwa jina la Kanisa hatafuti kamwe kuwalazimisha wengine imani yake. Anajua wakati wa kumtaja Mungu na wakati wa kunyamaza. Kwa vitendo: siku ya mgao isiwe siku ya misa wala semina, mzigo usishushiwe kigangoni bali ofisi ya kijiji au shuleni, pasigawiwe vipeperushi vya dini, na hotuba ya paroko, kama atakuja, iwe ya salamu na pole. Angalieni pia kalenda yao. Msipange mgao Ijumaa mchana. Mwezi wa Ramadhani msilete chakula cha kupikwa adhuhuri, leteni vya kufuturia, na vifike kabla ya alasiri ili mama apate muda wa kupika.

Kalenda nyingine ni ya bahari, na viongozi wa parokia wa bara huisahau. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana, wanawake wako mwambani wanatafuta pweza, hukuti mtu nyumbani. Wakati wa giza, usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa wanakesha baharini na mchana wanalala. Mkutano wenu mwulizeni mwenyekiti wa kijiji uwekwe lini, msipange tarehe kwa kuangalia ratiba ya padre peke yake. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Juni hivi, kuvuka na chombo kilichobeba mizigo ni kuweka maisha ya watu rehani, na nahodha akisema leo hatutoki, neno lake liwe la mwisho. Jaketi za kuokoa maisha ziwe kwenye bajeti ya kila safari, kabla ya soda na chakula cha wageni.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika wilayani Kilwa. Malori yalisimama. Aliyekuwa anasubiri msaada kutoka Dar alisubiri sana. Ndiyo maana nakushauri kisiwani pawe na stoo ndogo iliyojazwa kabla ya masika, mwisho wa Februari usipite: maturubai, kamba, misumari, dawa za kutibu maji, sabuni, ndoo zenye mfuniko. Chakula kisiwe kingi, panya na unyevu wa chumvi vitakimaliza. Nguo za mitumba ziacheni kabisa isipokuwa mmeombwa. Stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti wa kamati ya kisiwa, mwingine kwa mtendaji wa kijiji, na wewe wa parokia usiwe na hata mmoja. Upepo ukipiga usiku, wafungue wenyewe asubuhi bila kukupigia simu ya kuomba ruhusa. Watakuletea hesabu baadaye.

Najua hapo ndipo halmashauri ya walei itashtuka. Waeleze kwamba ukubwa wa stoo ndio kinga: kilichomo kisizidi kile ambacho parokia inaweza kukipoteza bila kuanguka. Na waeleze kuhusu Ufilipino, nchi ya visiwa zaidi ya 7,000, inayopigwa na tufani mwaka hadi mwaka. Kanisa la huko tangu mwaka 1975 lina kampeni ya Kwaresima iitwayo Alay Kapwa, ambapo waamini wa kawaida wanachangia mfuko wa kusaidia wenzao. Tufani Haiyan ilipopiga Novemba 2013 na kuua zaidi ya watu 6,000, misaada mikubwa ilitoka dunia nzima, lakini wa kwanza kuchimba vifusi na kugawana mchele walikuwa majirani. Visiwani daima itakuwa hivyo. Uongozi unaokaa ng'ambo ya maji utafika wa pili hata ukiwa na nia njema.

Fedha zitoke wapi? Kwaresima ina nafasi yake, lakini huku kwetu inaangukia wakati mifuko imekauka na masika yanaanza. Nenda na msimu wa watu. Ufuta unauzwa Juni na Julai, korosho zinaanza mnadani Oktoba. Siku ya Maskini Duniani, ambayo Papa Fransisko aliianzisha na ikaadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017, inaangukia katikati ya Novemba, wakati malipo ya korosho yanaingia. Fanya Jumapili hiyo kuwa mavuno ya Caritas ya parokia. Na kabla ya kukusanya, parokia iamue fungu la kisiwa ni asilimia ngapi, maana manung'uniko ya pili, ambayo hukuyaandika lakini yatakuja, ni ya waamini wako: kwa nini hela zetu ziende kwa Waislamu wakati hapa kuna wajane Wakatoliki? Wana haki ya kuuliza. Jibu lao ni hesabu iliyokubaliwa mapema, na wajane wao kuonekana kweli wamehudumiwa. Tuseme mmepata shilingi 1,000,000 na mmekubaliana kisiwa ni asilimia 40. Basi ni 400,000, na humo gharama ya boti na mafuta itolewe na kutajwa wazi, isije kujificha ikaonekana wizi.

Baada ya mwaka mmoja hivi, kamati ikishaaminiwa, watu wenyewe watakuambia kwamba viroba vimewachosha. Watataka mtaji. Hapo vikundi vya kuweka na kukopa vinafaa sana: VICOBA, au vile vya SILC ambavyo CRS, shirika la Kanisa Katoliki la Marekani, limevieneza sehemu nyingi. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Halifunguliwi mpaka wote waketi duara, fedha zihesabiwe kwa sauti, na kila mmoja aikariri jumla kichwani mpaka kikao kijacho. Hata asiyejua kusoma anaikagua hesabu hiyo.

Lakini angalia riba. Mfumo wa kawaida mkopaji anarudisha na ziada, na Mwislamu mshika dini hatakubali, au atakubali kwa shingo upande na kujitoa baadaye. Msiwafundishe katiba ya kikundi iliyonakiliwa kutoka bara. Wakae na masheikh wao, waamue kama watakopeshana bila ziada yoyote na kuchangia mfuko wa jamii kwa kiwango sawa kwa kila mwanachama, mkopaji na asiyekopa. Nimeona vikundi vya namna hiyo vikikua taratibu zaidi, ila havivunjiki. Kisheria, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wenu. Kikundi kilichosajiliwa pia kinaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hapo kisiwa kitakuwa kinadai haki yake serikalini badala ya kungoja boti yenu.

Kuhusu malalamiko, sanduku la maoni halifai kisiwani. Watu wote wanajuana, hata mwandiko unatambulika. Teueni wanawake wawili, mmoja wa kisiwani na mmoja wa bara asiye na undugu huko, namba ya huyo wa bara iandikwe kwa rangi ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na wasichana waambiwe waziwazi, mbele ya wazazi wao, kwamba msaada haulipiwi kwa kitu chochote, iwe fedha, kazi au mwili. Mwanamume asigawe chochote peke yake nyumbani kwa mtu. Msione haya kulisema. Palipo na njaa na mtu mmoja mwenye ufunguo, jambo hilo hutokea.

Wala usidhani uongozi mbaya ni ule wa kuiba tu. Novemba 2022 Papa Fransisko aliwaondoa viongozi wote wa juu wa Caritas Internationalis, shirikisho la Caritas za dunia nzima. Tathmini haikukuta ubadhirifu wa fedha. Ilikuta kasoro za uendeshaji zilizovunja moyo wa wafanyakazi. Kama hilo liliwezekana Roma, kamati ya parokia nayo iangalie inavyosemeshana. Waliokuambia maneno makali kisiwani, ungewaita kwanza. Mmoja wao, yule aliyepinga orodha kwa sauti kubwa kuliko wote, anafaa kupendekezwa kwenye kamati mpya.

Safari yako ya kwanza nenda bila mzigo. Chukua katibu wako, risiti za msaada uliopita na orodha ile iliyolalamikiwa. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa imamu, uwasalimie nyumbani kwao. Mkutanoni soma hesabu yote: mlikusanya kiasi gani, mlinunua nini, boti ilichukua ngapi, kilibaki nini. Kama kuna majina yaliyoingia kwa upendeleo, sema hivyo na uombe radhi kwa niaba ya parokia, bila kumtaja katekista kwa jina. Kisha waombe wakuchagulie watu, utoke nje wakati wanachagua. Watakapokuita ndani, andika majina waliyokupa, muulize katibu wao mpya kikao kijacho maji yatakuwaje, na urudi bara kabla upepo wa mchana haujapanda.